Kitubio na Kipimo: Kijana Mkatoliki na Magonjwa ya Zinaa



Leo tunaongelea jambo ambalo kwenye jumuiya ndogondogo tunalipita kimyakimya, na vijiweni linageuzwa utani: magonjwa ya zinaa. Najua kuna mtu ameshaanza kuona aibu. Vumilia kidogo, soma mpaka mwisho, halafu mtumie na mwenzako.

Neno la leo ni hili: kitubio kina kazi yake, kipimo kina kazi yake, na kijana anayewajibika hatumii kimoja kukimbia kingine. Wapo vijana waliorudi kwa Mungu kwa moyo wote, wameungama, wameacha maisha ya zamani, lakini hawajawahi kupima. Wapo na wengine wanaopima kila mara na kumeza dawa, lakini maisha hawabadilishi. Wote wawili wamefika nusu ya safari.

Paulo aliandikia mji wa bandari

Tunapenda kutaja 1 Wakorintho 6:12-20, pale Mtume Paulo anapofundisha kwamba mwili wa Mkristo ni makao ya Roho Mtakatifu na hatuna ruhusa ya kuutumia tunavyotaka. Lakini je, unajua Korintho ulikuwa mji wa namna gani? Ulikuwa mji wa biashara wenye bandari mbili, moja wapo Kenkrea inayotajwa katika Matendo ya Mitume 18:18. Mabaharia wanaingia, wafanyabiashara wanatoka, watu wako mbali na nyumbani, hela ipo mfukoni na hakuna shangazi wa kukuona. Kwa watu wa mji kama huo ndiyo Paulo akaandika kuhusu usafi wa mwili.

Sasa tuangalie kwetu. Tanga ni mji wa bandari. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mashamba yakaenea Pangani, Muheza, Korogwe na kwingineko. Manamba wakaletwa kutoka mikoa ya mbali, wengi wao wanaume walioacha wake zao nyumbani. Leo manamba hawapo, lakini mwendo wa watu uko palepale: malori ya Horohoro, mabasi ya Segera, wavuvi wanaokwenda dago na kukaa wiki kadhaa ugenini, wanafunzi wa vyuo waliopanga vyumba mjini, na vijana waliofuata kazi za bomba la mafuta, lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani.

Wenyewe tuna msemo wetu: Tanga, waja leo waondoka leo. Tunausema tukicheka. Ila kwenye somo la leo ukumbuke kwamba mtu anaweza kuondoka leo na basi la saa kumi na mbili, ila alichokuachia mwilini hakiondoki naye.

Sisemi haya kuutukana mji wetu au kuwanyoshea kidole wageni. Nasema kwa sababu bakteria na virusi hawaulizi kadi ya ubatizo, hawaulizi kama unaimba kwaya, wala hawaulizi kama mwenzako alionekana mtu wa heshima.

Tunaongelea magonjwa gani hasa?

Viko vijidudu zaidi ya 30 vinavyoweza kuambukizwa kwa kujamiiana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 peke yake kulikuwa na maambukizi mapya milioni 374 ya magonjwa manne tu: klamidia, kisonono, kaswende na trikomona. Hayo manne yana kitu kizuri kimoja: yote yanatibika na kupona kabisa.

Kundi la pili ni yale yanayosababishwa na virusi. Hapa wapo VVU, homa ya ini aina ya B, malengelenge ya sehemu za siri, na virusi vya HPV ambavyo aina zake nyingine huleta masundosundo na nyingine huleta saratani ya mlango wa kizazi. VVU na malengelenge havina dawa ya kuviondoa mwilini, ila vina dawa za kuvidhibiti. Homa ya ini B na HPV vina chanjo.

Kuhusu VVU, utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionyesha kuwa asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na virusi hivyo, na kwamba maambukizi mapya ni takribani 60,000 kwa mwaka. Asilimia hiyo maana yake ni kama mtu mmoja katika kila 23. Hesabu watu wa benchi mbili tatu kanisani, utaelewa kwamba hatuongelei watu wa mbali.

"Mbona mimi sina dalili?"

Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Wanangoja usaha, kidonda au maumivu. Kisichouma wanasema hakipo.

Klamidia haitoi dalili yoyote kwa wanawake walio wengi, na kwa wanaume wengi vilevile. Kisonono kwa mwanamume mara nyingi hujionyesha ndani ya siku chache kwa usaha na maumivu wakati wa kukojoa, lakini mwanamke anaweza kukaa nacho miezi bila kuhisi kitu. Kaswende nayo ina ujanja wake. Inaanza na kidonda kisichouma, ambacho kwa mwanamke kinaweza kuwa ndani asikione kabisa. Baada ya wiki chache kidonda kinafunga chenyewe. Mtu anashangilia kwamba amepona, kumbe ugonjwa umeingia ndani ya damu. Baadaye unaweza kuja upele, hata kwenye viganja na nyayo, nao unapotea. Miaka ikipita unaweza kugusa moyo na ubongo. VVU ndiyo kabisa: mtu anaweza kuonekana mzima, mnene, anayecheza mpira, kwa miaka mingi.

Kwa hiyo ukiulizwa "uko salama?" ukajibu "sijisikii vibaya", hujajibu swali. Jibu la kweli linatoka maabara.

"Ni UTI tu, itaisha"

Siku hizi kila kitu kimekuwa UTI. Mtu anawashwa, UTI. Anakojoa kwa maumivu, UTI. Anatokwa na uchafu usio wa kawaida, UTI sugu. Ni kweli kuna maambukizi ya njia ya mkojo ambayo hayahusiani na zinaa, na fangasi ukeni nao wanaweza kumpata hata binti ambaye hajawahi kukutana na mwanamume. Kwa hiyo usimhukumu mtu. Lakini UTI imekuwa pia jina la kufichia aibu. Mtu anapita duka la dawa, ananunua vidonge vitatu au vinne kulingana na hela aliyonayo, anapata nafuu siku mbili, anaacha.

Madhara yake ni mawili. Kwanza, vijidudu vinazoea dawa. Kisonono kimeshaota usugu kwa dawa kadhaa ambazo zamani zilikuwa zinakimaliza, ikiwemo siprofloksasini. Pili, ugonjwa unaendelea kupanda taratibu. Kisonono na klamidia visipotibiwa vinaweza kupanda hadi kwenye mirija ya uzazi ya mwanamke, vikaacha makovu na kuiziba, au vikasababisha mimba kutunga nje ya kizazi. Mwanamume naye mirija yake ya kupitishia mbegu inaweza kuziba.

Fikiria hilo kwa uchungu kidogo. Ndoa imefungwa, mchele wa pilau umeliwa, miaka mitatu hakuna mtoto. Kwenye familia zetu nani anaitwa tasa? Ni mwanamke. Anapelekwa kwa waganga, anasemwa na mawifi, pengine anarudishwa kwao. Na inawezekana kabisa tatizo lilianzia kwenye vidonge vinne alivyomeza bwana harusi kwa siri miaka mitano kabla ya harusi, akaona amepona.

Mwanza walitufundisha nini?

Tutoke pwani kidogo twende Ziwa Victoria. Kati ya mwaka 1991 na 1994 mkoani Mwanza ulifanyika utafiti ambao mpaka leo wataalamu wa afya duniani wanautaja. Walichukua maeneo 12. Kwenye sita, wahudumu wa zahanati na vituo vya afya walifundishwa vizuri kutibu magonjwa ya zinaa, dawa zikahakikishwa zipo, na watu wakahimizwa kuja kutibiwa mapema. Maeneo mengine sita yakasubiri kwanza. Baada ya miaka miwili, maambukizi mapya ya VVU yalikuwa pungufu kwa takribani asilimia 40 kule kulikoboreshwa matibabu. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995.

Sababu inaeleweka. Kidonda na uvimbe wa sehemu za siri ni kama mlango ulioachwa wazi: VVU vinaingia kirahisi, na kwa mwenye VVU vinatoka kirahisi. Tafiti zilizofuata mahali pengine, kama Rakai nchini Uganda ambako watu wengi walipewa dawa kwa mpigo, hazikupata punguzo kama lile. Hata hivyo somo la Mwanza kwa kijana mmoja mmoja linabaki. Zahanati ya kawaida, muuguzi aliyefundishwa, dawa sahihi na mgonjwa aliyekuja mapema viliokoa watu. Haikuhitaji hospitali ya ghorofa.

Kitubio hakiui bakteria

Sasa tufike kwenye kiini. Mtu ameanguka. Ameumia rohoni, akaenda kuungama, padre akamwondolea dhambi. Hapo amepatana na Mungu kweli kabisa, na kile alichosema kimefungwa: Sheria ya Kanoni namba 983 inakataza kabisa padre kuitoa siri ya maungamo. Deni hilo limefutwa.

Ila dhambi ikisamehewa, madhara yake hayafutiki yote papo hapo. Ukiiba ng'ombe ukaungama, ng'ombe bado unatakiwa umrudishe. Ukilewa ukavunjika mguu, utaungama ulevi, lakini mguu utafungwa plasta. Vivyo hivyo kaswende haitoki kwa sala ya majuto, inatoka kwa sindano ya penisilini. Padre hana mamlaka ya kukuandikia dawa, na daktari hana mamlaka ya kukuondolea dhambi. Unawahitaji wote wawili.

Maandiko yenyewe yanapanga hivyo. Soma Yoshua bin Sira sura ya 38, aya 1 hadi 15. Mwenye hekima anafundisha kwamba tabibu astahiwe kwa kuwa Mungu ndiye aliyemweka, na kwamba dawa zinatoka ardhini kwa mapenzi yake. Kisha anamweleza mgonjwa afanye nini: asali, aache uovu, atoe sadaka, halafu ampe tabibu nafasi yake. Angalia mpangilio huo. Hakusema uchague kimoja.

Kwa hiyo yule anayesema "mimi nimeokoka na yale mambo, kupima ni kukosa imani", mwambie kwa upole kwamba imani Katoliki haifundishi hivyo. Kukataa kujua ukweli hakumfurahishi Mungu, hasa pale ambapo ujinga wako unaweza kumuumiza mtu mwingine.

Kumwambia mwenzako

Ukigundulika na kisonono au klamidia ukatibiwa peke yako, kazi ni bure kama mwenza wako hajatibiwa. Mtarudishiana. Ndiyo maana muuguzi anakuuliza kuhusu mwenzako, na unaombwa umlete. Si udaku, ni sehemu ya tiba.

Kumwambia mtu "nimepimwa, nimekutwa na hiki, nenda na wewe" ni kazi ngumu kweli. Pengine mlishaachana kwa ugomvi. Pengine ameshaoa. Lakini amri ya kumpenda jirani inaanzia hapo kwenye ujumbe mfupi usio na matusi: "Nimepimwa nikakutwa na maambukizi. Nakuomba ukapime. Sikulaumu, naomba tu uwe salama." Ukiona hatari ya kupigwa au kudhalilishwa, mweleze muuguzi akusaidie namna ya kumfikishia.

Wachumba: kabla tangazo halijasomwa

Jina lenu linasomwa kanisani Jumapili tatu ili mwenye kujua kizuizi aseme. Je, kuna jambo ambalo wewe mwenyewe unalijua, na mwenzako halijui?

Pimeni pamoja mapema, wakati wa mafundisho ya ndoa, si wiki ya harusi wakati sare zimeshonwa na michango imeliwa. Pimeni VVU, kaswende na homa ya ini B, na mwelezeni mhudumu ukweli wa maisha yenu ya nyuma ili ajue kama kuna kipimo kingine kinachohitajika. Ongozaneni mkapokee majibu pamoja.

Majibu yakija tofauti na mlivyotarajia, haina maana kwamba Kanisa limefunga mlango. Mtu mwenye VVU anaweza kufunga ndoa. Dawa za kufubaza virusi zinatolewa bure, na anayezitumia vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Watoto nao wanaweza kuzaliwa salama. Kinachovunja ndoa ni uongo. Kanoni 1098 inasema ndoa si halali pale mtu alipodanganywa makusudi ili akubali, kuhusu sifa ya mwenzake ambayo kwa asili yake inaweza kuvuruga vibaya maisha ya ndoa. Kumficha mchumba wako ugonjwa si kumlinda, ni kumnyima haki ya kuchagua.

Kumbuka pia mtoto. Kaswende ya mama mjamzito isipotibiwa inaweza kuua mimba au kumpa mtoto ugonjwa tumboni. Ndiyo maana hupimwa kwenye hudhurio la kwanza kliniki, na baba anaombwa kuja. Kaka, nenda. Usimwache peke yake kwenye lile benchi.

Na kondomu je?

Swali hili linakuja kila mara, tulijibu kwa ukweli. Kitabibu, kondomu ikitumika kila mara na inavyotakiwa inapunguza sana hatari ya VVU, kisonono na klamidia. Kwa magonjwa yanayoenea kwa ngozi kugusana, kama malengelenge, HPV na kaswende, kinga yake ni ndogo zaidi. Atakayekuambia haina kazi kabisa anakudanganya, na atakayekuambia inamaliza hatari zote anakudanganya pia.

Kanisa halitufundishi usafi wa moyo kwa kututisha na magonjwa. Hata kama magonjwa yote yangekuwa na dawa kesho, bado mwili ungekuwa zawadi ya kutolewa mzima kwa mtu mmoja katika ndoa. Kusubiri, na baada ya ndoa kuwa mwaminifu, wote wawili mkiwa mmepima: hapo roho na afya vinakwenda njia moja. Aliyekwisha anza anaweza kuacha leo. Hajachelewa.

Kwa aliyelazimishwa

Mdogo wangu, kama uliingiliwa kwa nguvu au ukiwa mtoto, hiyo si dhambi yako. Huna cha kuungama hapo. Nenda hospitali mara moja, ndani ya saa 72, maana zipo dawa za siku 28 za kuzuia VVU zikianza mapema. Usioge kwanza na nguo usizifue. Zungumza na mtu mzima unayemwamini, dawati la jinsia la polisi, au piga simu 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto. Hata kama siku zimepita, nenda, bado kuna msaada.

Mambo ya kufanya wiki hii

1. Kama umewahi kujamiiana na hujapima, kapime. Hospitali ya rufaa ya mkoa ya Bombo, Hospitali Teule Muheza, au kituo cha afya kilicho karibu nawe, popote. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019, kijana wa miaka 15 anaweza kuridhia mwenyewe kupima VVU, na kujipima kumeruhusiwa.

2. Kama tukio ni la karibuni, rudia kipimo cha VVU baada ya miezi mitatu. Maambukizi mapya yanaweza yasionekane mwanzoni.

3. Ukipewa dawa, maliza dozi, na usijamiiane mpaka uambiwe umepona na mwenzako ametibiwa.

4. Kama una mdogo wako wa kike mwenye miaka 9 hadi 14, waulize wazazi kama amepata chanjo ya HPV. Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake nchini.

5. Kaungame. Usisubiri majibu yatoke ndipo uende.

6. Ukikutana na mtu wa parokiani kwenye foleni ya maabara, msalimie kawaida, na ukitoka usimtaje. Watu wengi hawaendi kupima kwa kuogopa midomo yetu.

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliyewagusa wakoma bila kuwaonea kinyaa, utuguse na sisi. Utupe toba ya kweli, na utupe ujasiri wa kuingia kituo cha afya kama tunavyoingia kanisani. Wabariki wauguzi na madaktari wetu. Wafariji walioambukizwa na walioumizwa. Utufundishe kusema ukweli kwa wale tunaosema tunawapenda. Amina.

Nawatakia Dominika njema. Kama una swali na unaona aibu kuuliza kwenye kundi, muulize muuguzi. Ameshayasikia yote.